Gari la Marehemu Mjomba: Tulichukue au Tuliache?

Mkaza mjomba alipomaliza eda, alituita nyumbani kwake Tudor, sisi ndugu wawili, wana wa wifi yake. Alituandalia kahawa na visheti, kisha akatuwekea ufunguo mmoja juu ya sinia. "Gari la mjomba wenu lichukueni nyinyi, wanangu," alisema. "Hapa linaoza bure, na yeye alipenda kuwaona mmelipanda. Mimi sitaki hata senti."

Gari lenyewe ni MGB GT la mwaka 1969, la rangi ya kijani iliyopauka kwa jua. Mjomba alilinunua mwaka 1978 kwa Muingereza aliyekuwa akirejea kwao. Kila sikukuu ya Idi alitupakia wawili wawili katika kile kiti kidogo cha nyuma, kisichomfaa mtu mzima, akatupeleka Barabara ya Mama Ngina kupunga upepo na kula mihogo ya kukaanga. Macho yake yalipopungua nguvu, miaka tisa iliyopita, alilifunika turubali, na tangu siku hiyo halikutoka bandani.

Tunakiri kwamba jioni ile tulikuwa tumekwisha kumpigia simu mwenye lori aje alivute asubuhi. Wakati wa chakula mama alitusikiliza mpaka tukanyamaza, kisha akauliza, "Gari hilo sasa ni la nani?" Mama ni dadake marehemu, lakini hana fungu katika mirathi, kwa kuwa marehemu ameacha mwana wa kiume. Aliyeuliza hakuwa na la kupata wala la kukosa. Tulimpigia tena mwenye lori, tukamwomba asubiri.

Tukawa na mambo mawili ya kuchunguza: hali ya gari, na haki ya wenyewe.

Tuanze na gari. Herufi MG zatokana na Morris Garages, biashara ya magari ya mji wa Oxford. MGB iliundwa Abingdon, kusini mwa Oxford, tangu mwaka 1962 hadi 1980, kiwanda kilipofungwa. Na yaliyotoka huko yanapita 500,000. Aina ya GT, yenye paa la chuma na mlango wa nyuma, ilianza mwaka 1965, na paa hilo lilichorwa kwa msaada wa Pininfarina wa Italia. Wingi huo una faida kubwa kwa anayelichukua leo: vipuri vyake vingali vikitengenezwa na kuuzwa Uingereza, hata bodi nzima mpya.

Injini nayo haina siri. Ina silinda nne, ujazo wa sentimita 1798 za ujazo, na kabureta mbili za SU. Fundi mzee tuliyemleta kutoka Majengo aliiinamia akatabasamu kama aliyekutana na mwenzake wa chuoni. Alitutajia mawili tu: spana zitakazohitajika ni za inchi, si za milimita, na tangu mwaka 2006 petroli yenye risasi haiuzwi nchini, ilhali valvu za injini hizi zilizoea risasi ile. Kwa hivyo silinda-hedi itabidi ishushwe, na viti vya valvu za kutolea moshi vitiwe vipya vya chuma kigumu.

Tulifurahi mapema. Fundi alitoa sumaku mfukoni, akaizungushia kitambaa, akaipitisha ubavuni mwa gari. Palipo na chuma ilinata. Palipojazwa puti ilianguka. Ilianguka mara saba. Kisha akatueleza jambo ambalo kila mwenye tamaa ya gari hili yafaa alijue. MGB haina fremu peke yake ambayo bodi huwekwa juu yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na nguvu yake nyingi imo katika vizingiti vilivyo chini ya milango. Vizingiti hivyo ni mabati ya matabaka kadhaa yaliyochomelewa pamoja, na kutu huanza ndani, jicho lisipofika. Tudor ni kando ya maji, na hewa yetu ni ya chumvi. Fundi alitia jeki, akaiinua taratibu. Ilizama katika kizingiti kama kijiko katika uji. Aliihamisha, akalinyanyua gari kwa mahali pengine, akatwambia tufungue mlango. Mlango ulikataa. Gari lilikuwa limejipinda katikati.

Kukata na kuchomelea upya vizingiti na sakafu, alikadiria shilingi 650,000. Injini, breki na tairi, 150,000. Jumla 800,000, kabla ya rangi. Akiba yetu sote wawili ilikuwa 600,000, na sehemu yake tuliiweka ili kuezeka upya nyumba ya mama.

Sasa tuje kwenye haki. Mjomba ameacha mke, binti wa miaka 22 na mwana wa miaka 14. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Madeni na gharama za maziko zilikuwa zimelipwa, na wasia hakuacha. Mke, kwa kuwa wapo watoto, ana thumuni. Kinachobaki hugawanywa baina ya watoto, mwana mafungu mawili na binti fungu moja. Tulimwomba mtu wa Nairobi anayehifadhi magari ya kale aje alione pia. Alisema atalinunua kwa 480,000, kutu kwa kutu. Tulishangaa, naye akatukumbusha kwamba sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo la kale lililomo nchini tayari, lenye hati zake, si rahisi kupatiwa badala.

Tulipiga hesabu. Thumuni ya 480,000 ni 60,000. Zilizobaki ni 420,000: mwana 280,000, binti 140,000. Basi zawadi tuliyopewa juu ya sinia, zaidi ya nusu yake ilikuwa mali ya mtoto yatima ambaye hata hakuulizwa, na kama angeulizwa umri wake usingemruhusu kuitoa.

Hata hivyo, mkubwa wetu alishikilia kwamba tulinunue kwa bei hiyo, tukopeshane, tulitengeneze kidogo kidogo. Alisema kuliona likipanda lori kwenda Nairobi ni kama kumzika mjomba mara ya pili. Mdogo akamjibu kwamba mjomba kila Ijumaa asubuhi alikuwa akiliosha tumbo kwa maji baridi ili kuliondoa chumvi, na akauliza ni nani kati yetu atakayefanya hivyo, na siku gani. Tulitazamana. Mmoja ana zamu za usiku bandarini. Mwingine ana watoto wanne. Hapakuwa na jibu.

Tulirudi na ufunguo tukiwa na hofu ya kumvunja moyo mkaza mjomba. Alisikiliza hesabu, akanyamaza kitambo, akasema, "Nilidhani natoa changu." Baadaye akataka atupe lile fungu lake la thumuni. Tulimshukuru, tukamwomba alishike.

Gari liliuzwa baada ya Mahakama ya Kadhi kutoa hati ya mirathi, kwani bila hiyo jina la marehemu halihamishwi. Fungu la mwana limewekwa benki kwa jina lake, chini ya uangalizi wa mahakama. Kabla lori halijafika, fundi alifunga betri mpya, akatia petroli kwa chupa, akamketisha kijana kwenye usukani. Mara ya tatu injini ilikubali. Hakuna aliyesema neno mpaka kijana mwenyewe alipoizima.

Msomaji atakayepewa ufunguo wa namna hii, tunamshauri aulize matatu kabla ya kumwita mwenye lori: gari ni la nani, vizingitini mna nini, na nani atakayeliosha chumvi mwaka wa kumi. Akiwa na majibu yote matatu, na alichukue kwa moyo mkunjufu. Sisi tulikuwa na mawili tu, na yote mawili yalitwambia tuliache.