Kitundu kidogo unyayoni

Asubuhi ile mbwa wangu Popi hakulia. Alitoka uani akichechemea kidogo, akala ugali wake wote, kisha akajilaza chini ya mwembe na kuanza kulamba mguu wa mbele. Nilipouinua nikaona kitundu chekundu katikati ya vidole, kidogo kuliko punje ya mtama, hakina hata tone la damu. Nikamwacha. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba kama andazi na nyama ameikataa. Daktari wa mifugo alipoupasua ulitoka usaha kwanza, halafu kipande cha mwiba wa mgunga.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo Popi huyohuyo alikanyaga chupa iliyovunjika. Damu ilitapakaa baraza nzima, watoto wakalia, nami nikakodi bajaji mbio hadi kwa daktari. Jeraha lile lilisafishwa, likashonwa, likapona bila shida. Kumbe kilichohitaji haraka kama ile ni hiki kitundu nilichokidharau.

Unyayo wa mbwa umejaa mishipa ya damu. Ndiyo maana mkato mdogo kwenye zile nyama nyeusi ngumu za chini humwaga damu ya kutisha, na ukucha ukivunjika karibu na nyama huvuja vilevile. Lakini jeraha lililo wazi huonekana na huoshwa. Mwiba, msumari au waya husukuma uchafu ndani, ngozi ya juu ikajifunga upesi, na uchafu ukabaki umefungiwa humo. Mbwa naye ni mvumilivu mno: anaweza kula na kutikisa mkia huku anaumia.

Kwa hiyo mtazame anavyotembea. Akiukanyagia mguu kwa kuchechemea kidogo, na unachokiona ni mchubuko tu, si kitundu, mtibu nyumbani. Chemsha maji, yapoe, tia chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai kwa lita moja, osha, kausha hadi katikati ya vidole, na mzuie kulamba. Mkague asubuhi na jioni. Siku mbili zikipita bila nafuu, nenda kwa daktari. Akiuning'iniza mguu kabisa, kidole kikipinda au kulegea, mfupa ukionekana, kitu kikiwa kimezama ndani, au mguu ukivimba ghafla kwa namna inayokutia shaka ya nyoka, usingoje kesho. Usaha, harufu mbaya na kukataa chakula navyo ni vya siku hiyohiyo. Mkato mpana pia usilale nao: kadiri saa zinavyopita, jeraha chafu huwa gumu kushonwa salama.

Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi mfululizo. Wengi hukosea hapa: wanafunua kila mara kuchungulia, na damu iliyoanza kuganda inafumuka. Zikifika dakika kumi na tano bado inatoka, endelea kukandamiza mkiwa njiani. Usimfunge kamba juu ya mguu. Hata bandeji ikikaza, vidole huvimba na kuwa vya baridi, basi acha ncha za vidole viwili vya kati zionekane ili uweze kuvigusa.

Naomba jambo moja kwa msisitizo: msimpe mbwa dawa zetu za maumivu. Diclofenac na ibuprofen humtoboa tumbo na kumharibu figo, na Panadol inaweza kumharibu ini na damu. Oili chafu na majivu, ambavyo bado nawaona watu wakivipaka, huchoma kidonda na kukichafua, na mbwa huilamba ile oili akaimeza.

Jeraha la kung'atwa na mbwa mwingine lina hesabu yake, hata liwe dogo namna gani, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Vaa glavu, lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, umpeleke kwa daktari siku hiyo pamoja na kadi yake ya chanjo. Mtu aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate ya mmoja wa mbwa hao penye mchubuko, naye aoshe vivyo hivyo na kwenda hospitali mara moja.

Najua wengi hupima gharama kwanza, na mbwa wa ulinzi huwa wa mwisho kwenye bajeti ya nyumba. Lakini unaweza kuanza kwa simu: piga picha ya unyayo kutoka chini, mtumie daktari, mweleze jeraha lina saa ngapi. Anayeishi Morogoro ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwingine, afisa mifugo wa kata, hata kama siku zake zote ni ng'ombe na mbuzi, hukuelekeza kwa daktari wa kweli.

Siku hizi kila Jumamosi baada ya kumwogesha Popi namlaza juani, nainua mguu mmoja mmoja, natenganisha vidole, naangalia na ule ukucha wa pembeni usiogusa ardhi, maana ukirefuka hujikunja na kuchoma nyama. Mwanzoni alikuwa akiuvuta mguu. Sasa anautoa mwenyewe. Jumamosi iliyopita nilikuta funza wawili kwenye mguu wa nyuma. Nilipomaliza kuwatoa na kuosha, nikawaita watoto waje wakae hapohapo kwenye mkeka, nikakagua na miguu yao.