Sinagogi la Nairobi na Mlango wa Mombasa

Mkazi wa Bondeni au Mji wa Kale amezoea kuona msikiti, kanisa na hekalu kwa mwendo wa dakika chache. Sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi, wengi wetu tunalijua lile la Nairobi, karibu na makutano ya University Way na Uhuru Highway. Hata hivyo, historia yake inaanzia bandarini kwetu.

Mwaka 1903, Wayahudi wa Urusi wakiwa wanashambuliwa na kuuawa, serikali ya Uingereza ilimpa kiongozi wao Theodor Herzl pendekezo la makazi katika uwanda wa Uasin Gishu. Mpango huo huitwa “wa Uganda”, ingawa eneo hilo lilikuwa limehamishiwa upande wa Kenya tangu 1902. Wanandi na Wamaasai, waliokuwa wakilisha mifugo huko, hawakuulizwa. Masetla wa Kizungu, Lord Delamere akiwa mbele, walipinga kwa sauti kubwa. Si kwa kuwatetea wenyeji, bali walitaka ardhi iwe yao. Wakaguzi waliotumwa hawakuridhika, na mkutano mkuu wa Wazayuni wa 1905 ukaukataa mpango.

Familia chache zilikuja hata hivyo, zikishuka melini hapa na kupanda reli. Miongoni mwao alikuwemo Abraham Block, aliyefika 1903 na baadaye kuinunua hoteli ya Norfolk. Jiwe la msingi la sinagogi la kwanza liliwekwa 1912. Jengo la sasa ni la 1955.

Kisha wakaja wakimbizi. Baada ya Hitler kushika madaraka 1933, Wayahudi wa Ujerumani na Austria walitafuta nchi yoyote ya kuwapokea, na wengine walitua Mombasa. Jumuiya ya Nairobi iliwasaidia waliofika mikono mitupu. Vita vilipoanza Septemba 1939, wanaume wengi kati yao walizuiliwa kama raia wa adui, kwa sababu ya pasipoti za serikali ileile iliyowafukuza! Stefanie Zweig, aliyeletwa Kenya akiwa mtoto mwaka 1938, aliyaandika maisha hayo katika kitabu kilichotengenezewa filamu iliyoshinda tuzo ya Oscar.

Wengi waliondoka vita vilipokwisha, na jumuiya iliyobaki ni ndogo. Wenye barua, picha au tiketi za meli za miaka hiyo katika masanduku ya wazee, wasizitupe kabla ya kuwaonyesha wahifadhi wa Makumbusho ya Fort Jesus.