Orodha ya Wajane na Utunzaji wa Wazee Mkoani Tabora

Mtume Paulo, alipomwagiza Timotheo kuhusu wajane (1 Tim. 5:3-16), aliweka utaratibu ulio wazi. Watoto na wajukuu watangulie kuwatunza wazazi wao. Kanisa lisilemewe na wale wenye jamaa. Naye aliye mpweke kweli kweli, akiwa ametimiza miaka 60, aandikwe katika orodha. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi utaratibu unaofanana na huo ulivyowekwa katika nchi yetu, na mahali unapokatika.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 humtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Nayo huanza na familia. Makazi ya serikali, kama yale ya Ipuli mjini Tabora, ni kimbilio la mwisho la asiye na ndugu. Kati ya nyumba na makazi hayo zipo ngazi kadhaa: mtendaji wa kijiji, baraza la wazee, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mzee asiyejiweza hutambuliwa kijijini, jina lake hufikishwa halmashauri, ndipo apate msamaha wa gharama za matibabu. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza 2012, uliwatambua walengwa wake katika mikutano ya vijiji. Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ina sharti lile lile: asiye na uwezo hana budi kutambuliwa kwanza. Basi kila kitu hutegemea kuandikwa jina.

Kwa nini majina mengine hayaandikwi? Tabora ni nchi ya watu wa safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kati ya Ujiji na Bagamoyo kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912; baadaye vijana walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, na leo huenda mijini. Wazee hubaki, pengine na wajukuu. Wapo pia waliokuja kama wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972 na kukaa Ulyankulu, ambako shirika la Kilutheri la TCRS lilihudumu. Kwao jamaa wa kutangulia kuwatunza pengine walikwisha kufa au kutawanyika. Mtendaji naye hudhani kwamba mzee ana watoto, watoto hudhani kwamba serikali inamwona, na usharika hudhani kwamba wote wawili wamekwisha kumwona.

Hapa si suala la karatasi tu. Katika Usukuma na Unyamwezi wajane wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wakati mwingine kwa sababu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu 1928, lakini mara nyingi sheria hufika baada ya mazishi. Uvumi huanza mapema zaidi, nao humfikia mwinjilisti wa mtaa kabla haujamfikia afisa ye yote.

Wako wanaohofu kwamba kwa njia hii kanisa litageuka kuwa tawi la serikali. Tunajibu kwa Matendo 6:1-6. Wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuliacha Neno, wala hawakuwaacha wajane. Walichaguliwa watu saba wanaojulikana kwa majina. Tena katika mji wa Leisnig mwaka 1523, kwa utaratibu ambao Luther aliuandikia dibaji, sanduku la maskini lilikuwa na funguo nne, zilizoshikwa na makabaila, baraza la mji, raia na wakulima. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake.

Usharika nao unao ufunguo mmoja. Tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila mtaa uwe na orodha ya wazee wake, Wakristo na wasio Wakristo, na ilinganishwe kila mwaka na ile ya mtendaji. Pili, kila mzee mpweke awe na mtu mmoja anayejulikana, wa kumsindikiza zahanati na ofisini. Tatu, uvumi wa uchawi ukisikika, mchungaji asingoje Jumapili: aende kwanza nyumbani kwa mzee huyo, akaketi naye mbele ya macho ya majirani, kisha ampe taarifa mtendaji na polisi siku ile ile.