Begi la rodi: pima kwanza, nunua baadaye

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Ukiwauliza watu rodi ya kuvulia samaki huvunjikia wapi, wengi watakujibu kwamba huvunjikia majini, pale samaki mkubwa anapovuta. Jibu hilo lapendeza masikioni, lakini rodi nyingi haziyafikii hayo maji. Huvunjikia njiani. Hubanwa na mlango wa gari, hukanyagwa ndani ya daladala, hulaliwa na gunia la viazi juu ya basi, au huegemezwa ukutani na mtoto akapita mbio.

Ndiyo sababu nataka leo tuzungumze kuhusu begi la kubebea rodi. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watalii wa Malindi na Watamu. Mvuvi wa mshipi wa mkono, ambaye mshipi wake kauzungushia kipande cha mti na kukitia mfukoni, hana haja ya mazungumzo haya, na pengine anatucheka. Lakini wapo pia wakazi wa mijini ambao siku ya mapumziko huchukua rodi wakaenda ufukweni kutafuta kolekole, au ziwani kutafuta sangara, au kwenye mito ya baridi ya milima ya Aberdare, nchini Kenya, ambako samaki aina ya trauti waliletwa mwaka 1905. Hao ndio ninaozungumza nao.

Tuanze na rodi yenyewe, maana ukiielewa hiyo utalielewa begi. Zamani rodi ilikuwa mwanzi. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja za nyuzi za kioo, nzito kidogo lakini ngumu kama punda. Kisha, kuanzia miaka ya 1970, zikaingia za nyuzi za kaboni, ambazo msingi wake ni utafiti uliofanyika Farnborough, Uingereza, katika miaka ya 1960. Rodi ya kaboni ni nyepesi, hupinda sana na kurudi bila tatizo. Isichopenda ni pigo la ubavuni. Ikigongwa na chuma au jiwe hupata ufa mdogo chini ya rangi, ufa ambao jicho halioni. Mwezi mmodi baadaye samaki wa kilo 1 anavuta, na rodi inakatika kwa mlio. Mwenyewe hurudi dukani kugombana na muuzaji, kumbe kosa lilitendeka juu ya keria ya basi.

Sasa tuje kwenye kununua. Wengi huingia dukani wakatazama rangi na mifuko ya nje, wakalipa. Nakushauri uingie na rodi yako, na kama huwezi, basi ingia na kipimo. Chukua rodi ya futi 12, ambayo hutumika sana kurushia mshipi kutoka ufukweni. Ikiwa ina vipande viwili vilivyo sawa, kila kipande ni futi 6, yaani kama mita 1.83. Utadhani begi la futi 6 litatosha. Halitoshi! Kwanza, vipande huchomekana, kwa hiyo kimoja huwa kimezidi kidogo. Pili, urefu ulioandikwa kwenye karatasi ya begi huenda ni wa nje, na ndani kuna sifongo iliyokula nafasi. Utalazimisha zipu ifunge, na kinachopinda kuipisha ni ncha, yaani sehemu nyembamba kuliko zote. Ongeza angalau sentimita 10 juu ya kipande kilicho kirefu kuliko vingine. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu rodi nyingi za kwenye boti huwa na mpini mfupi na kipande kirefu cha juu. Anayepima mpini peke yake amejidanganya.

Usipime urefu tu. Pima na pete ile kubwa ya kwanza inayopitisha mshipi. Hiyo ndiyo inayojaza begi, na hiyo ndiyo inayopindishwa rodi mbili zinaposuguana. Na kama una desturi ya kuiacha rili, yaani kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, ikiwa imefungwa kwenye rodi, tazama mahali begi lilipotuna. Mafundi hulishona likiwa na tumbo upande wa chini ili rili ikae humo. Tumbo hilo lisipolingana na mahali rili yako ilipo, ni bure. Mimi ningekushauri uivue rili na kuibeba mbali, lakini najua wengi hawana subira hiyo alfajiri.

Begi laini lina faida ya wepesi, na linamtosha mtu mwenye gari lake. Likiwa na vyumba ndani vya kutenganisha rodi, ni bora zaidi. Zipu iwe ya nailoni, maana ya chuma cha kawaida haimalizi mwaka mmoja na hewa ya chumvi. Kitako kiwe kigumu, kwa kuwa hapo ndipo mipini inapotobolea. Ulibebe begeni likiwa na mzigo kabla hujalipa; mkanda ukiwa umeshonwa mahali pasipofaa, begi litainama mbele na kukupiga miguuni njia nzima. Uingereza kuna wavuvi wanaotumia ufito mrefu usio na rili, wa vipande vingi vinavyochomekana hata kufikia mita 16. Hao vipande vyao hukaa kwenye mabomba ya plastiki ndani ya begi, kwa sababu kipande kimoja kikipasuka ufito wote umekufa.

Msafiri wa basi na boti ajifunze kwa hao. Begi laini juu ya keria si kinga, ni nguo tu. Anahitaji kitu kigumu, na habari njema ni kwamba si lazima anunue cha kutoka ng'ambo. Bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji machafu, hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Likatwe kwa kipimo chako, upande mmoja ufungwe moja kwa moja kwa gundi, upande wa pili uwe na kifuniko cha kutoa. Ndani weka kipande cha godoro juu na chini. Mpelekee fundi cherehani turubai akushonee mfuko wenye mkanda. Halipendezi kama la dukani, lakini gunia la viazi halitaliweza. Wa ndege ana hesabu nyingine: mashirika mengi hujumlisha urefu, upana na kimo, na kikomo cha kawaida ni sentimita 158. Bomba la sentimita 140 lenye upana wa 10 na kimo cha 10 limekwisha kuzidi. Huyo atafute rodi ya vipande vinne.

Ukirudi nyumbani, usiliache begi limefungwa na rodi ndani zikiwa mbichi. Kitambaa kisichoingiza maji hakiyatoi pia. Pete hushika kutu na mpini wa koki huota ukungu. Suuza kwa maji baridi, anika kivulini, ndipo ufunge.

Nimeliacha jambo zito hadi sasa. Kaboni hupitisha umeme. Mtu anayetembea na rodi aliyokwisha kuiunga, futi 12 begani, au anayepakiwa nyuma ya bodaboda akiwa ameisimamisha kama bendera, anapita chini ya nyaya za volti 11,000 au 33,000 zilizo kwenye nguzo za kawaida kabisa za mtaani. Wala si lazima aziguse, kwa kuwa umeme wa nguvu hiyo huweza kuruka pengo dogo. Uingereza watu wamekwisha kufa kwa namna hii, ndiyo maana wavuvi wa huko huonywa wasivue wala kuunga rodi ndani ya mita 30 kutoka nyaya za juu. Rodi iliyo ndani ya begi imekunjuliwa vipande, fupi, na ndoana yake imetolewa, kwa hiyo hata abiria wa jirani amesalimika macho. Ukifika ufukweni, tazama juu kwanza, kisha mbele na nyuma mahali utakaporushia mshipi. Ukiona waya, sogea hatua 40 au zaidi kabla ya kuifungua zipu. Jioni, ivunje rodi na uirudishe begini hapo hapo ulipokuwa ukivua, usingoje kufika kituoni.