CD4: jeni iliyo nyuma ya namba ya kliniki

Kwa miaka mingi, mtu aliyeishi na VVU Homa Bay au Migori aliijua namba yake ya CD4 kama anavyojua mwaka wake wa kuzaliwa. Namba hiyo iliamua nani apewe dawa na nani aambiwe arudi nyumbani angoje. Mpaka wa kuanza ARV nchini Kenya ulikuwa seli 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu, ukapanda hadi 350, kisha 500 mwaka 2014. Mwaka 2016 serikali iliagiza kila anayepatikana na virusi aanze dawa bila kungoja namba yoyote. Wengi waliihesabu CD4 muda wote huo bila kuelezwa ni kitu gani hasa.

CD4 ni protini. Maagizo ya kuiunda yamo katika jeni yenye jina hilohilo, kwenye kromosomu ya 12, na kila binadamu huzaliwa na jeni hiyo. Protini yenyewe hujitokeza juu ya baadhi ya seli nyeupe za damu, hasa seli T saidizi, ambazo huratibu ulinzi wa mwili; hizo ndizo zinazohesabiwa kliniki.

Seli ya ulinzi ikimeza kijidudu, hukikatakata na kuvitoa vipande vyake nje vikiwa vimebebwa na molekuli ziitwazo HLA. Seli T hukikagua kipande kwa kipokezi chake. CD4 haikitambui kipande hicho. Kazi yake ni kushika ubavu wa HLA na, kwa mkia wake ulio ndani ya seli, kukisogeza karibu kimeng'enya cha Lck ambacho huwasha ishara ya hatari. Kwa sababu hiyo wanasayansi huiita kipokezi mwenza. Ishara ikishawaka, seli T huzaana, huzisaidia seli B kutengeneza kingamwili, na huzichochea seli zilizomeza vijidudu vya kifua kikuu ziviue.

Mwaka 1984, watafiti wa London na wenzao wa Paris, kila kundi kwa njia yake, walionyesha kwamba VVU hujishikiza kwenye CD4 ili kuingia ndani ya seli. Virusi hivi hunasa sehemu ya kwanza kati ya nne za protini hiyo, kisha hutafuta mshirika wa pili, mara nyingi CCR5, aliyetambuliwa mwaka 1996. Protini ile ile inayowasha ulinzi ndiyo inayomkaribisha adui, na seli za CD4 zikipungua mwaka baada ya mwaka, kifua kikuu na maambukizi ya kuvu hupata nafasi.

Utafiti wa kitaifa wa VVU uitwao KENPHIA, wa mwaka 2018, ulikadiria kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay na asilimia 13.0 Migori walikuwa na virusi, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa 4.9. Wapo wanaozisoma takwimu hizi na kusema watu wa eneo hili la Ziwa Viktoria wana damu dhaifu. Hoja hiyo inawaumiza watu, na ushahidi hauiungi mkono.

Ni kweli jeni ya CD4 ina tofauti ndogondogo. Mwaka 2009 Julius Oyugi na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono Pumwani, Nairobi. Badiliko la herufi moja ya jeni hii, linaloweka triptofani mahali pa arjinini, lilihusishwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Lakini wanawake wa kundi hilo walitoka pande nyingi za Kenya na Tanzania. Badiliko hilo si mali ya ukoo wala kabila moja. Tena, Ndhiwa, katika kaunti ya Homa Bay, ilikuwa na maambukizi ya asilimia 24.1 mwaka 2012, na uchunguzi wa pili wa mwaka 2018 ukakuta yamepungua, hata maambukizi mapya. Jeni za watu hazibadiliki ndani ya miaka sita. Kilichobadilika ni upimaji na dawa, kazi iliyokuwa imeanza zamani: Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa ARV bila malipo katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001.

Tohara nayo inaihusu CD4. Upande wa ndani wa govi una seli nyingi zenye protini hii karibu na uso wa ngozi. Waluo, ambao ni wengi katika eneo hili, kwa jadi hawakutahiri. Wakuria wa Migori hutahiri. Jaribio lililofanyika Kisumu kwa vijana 2,784 lilionyesha kwamba waliotahiriwa walipunguziwa hatari ya kuambukizwa kwa asilimia 53, na mwaka 2008 Kenya ikaanza mpango wa tohara ya hiari. Ongezea jaboya katika fuo za Mbita na Muhuru Bay, ambapo mwanamke hulazimika kulipia samaki kwa mwili wake, na utaona jinsi virusi vinavyopata njia bila kuhitaji damu ya aina yoyote ya pekee.

Siku hizi kipimo cha wingi wa virusi ndicho kinachoonyesha kama dawa zinafanya kazi, na wengine wanadhani CD4 imepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Anayefika kliniki akiwa amekonda na kukohoa, au anayerudi baada ya kuacha dawa kwa muda mrefu, anahitaji kipimo hicho siku hiyohiyo. Namba ikiwa chini ya 200, Shirika la Afya Duniani linashauri achunguzwe kifua kikuu na kuvu ya kriptokoka, hata kama kichwa bado hakijaanza kumuuma. Kuvu hiyo huonekana kwenye damu kabla ya kufika kwenye utando wa ubongo, na wakati huo bado kuna dawa ya kuizuia.