Wageni Hupendezwa na Nini Kimumu?

Mtu wa Ulaya akiambiwa kwamba anakwenda kukaa katika nchi iliyo karibu na mstari wa Ikweta, jambo la kwanza analolifikiri ni jua kali. Hununua nguo nyepesi, kofia pana na dawa ya mbu. Kisha hufika Eldoret usiku, mwenyeji wake humpa mablanketi mawili, na asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, huanza kuulizia mahali panapouzwa sweta.

Sababu yake si ngumu kuieleza. Kimumu ipo upande wa kaskazini-mashariki wa Eldoret, kando ya barabara iendayo Iten, na nchi yote hiyo ya Uasin Gishu imeinuka kiasi cha futi 7,000 juu ya usawa wa bahari. Kadiri nchi inavyoinuka ndivyo hewa inavyopoa. Mombasa joto la wastani ni digrii 26 hivi za sentigredi, lakini Eldoret ni digrii 17 hivi, ingawa miji yote miwili i karibu na Ikweta, na Eldoret i karibu zaidi. Mwenyeji wa Kimumu, ambaye mwezi wa Julai huenda shambani amevaa koti zito na kulalamika, hushangaa amwonapo mgeni akiota jua uani na kusema kwamba hajapata kuona hali ya hewa njema kuliko hiyo. Lakini mgeni hasemi uongo. Ukimwuliza ni kitu gani kinachomfurahisha kupita vyote, mara nyingi atakujibu kwanza juu ya hewa na mwanga.

Yafaa wasomaji wakumbuke jinsi wenzetu wanavyoishi huko kwao. Mwezi wa Desemba, mjini London, jua huchwa kabla ya saa kumi ya jioni, na mwanga wa kutwa nzima haufikii saa nane kamili. Mjini Oslo, katika nchi ya Norway, mwanga ni wa saa sita tu. Karani huenda kazini gizani na kurudi nyumbani gizani, na bustani yake hulala kwa miezi minne au mitano bila ya kutoa hata jani la mboga. Kimumu jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili unusu na kuchwa karibu na saa kumi na mbili unusu, mwaka mzima. Mgeni apandaye sukuma wiki mlangoni pake huchuma na kuchuma tena, akakumbuka kwamba huko kwao wakati huo ardhi imeganda hata jembe haliingii. Kwa mkulima wetu jambo hilo ni la kawaida kama maji mtoni. Kwa mgeni ni muujiza.

Si yote yanayompendeza, bila shaka. Mgeni apikaye maharage kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ameuziwa maharage ya zamani, kwa kuwa hayaivi. Kosa si la mwuzaji. Mahali palipoinuka kama hapo maji huchemka yakiwa na joto la digrii 93 tu, si 100 kama pwani, na chungu huhitaji muda zaidi. Baada ya mwezi mmoja mgeni hujifunza kuloweka maharage tangu usiku, au hununua sufuria ya mvuke.

Hewa hiyohiyo inayochelewesha maharage ndiyo iliyowaleta wageni wa namna nyingine, nao ni wakimbiaji. Kwa kimo cha nchi hiyo, kila pumzi anayovuta mtu ina oksijeni pungufu kuliko ile ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Mwili ukikaa hapo kwa majuma kadhaa hujitengenezea chembe nyekundu za damu zaidi ili uweze kujitosheleza, na mtu huyo ateremkapo kwenda kushindana katika nchi za chini hupata nguvu asizokuwa nazo kwanza. Kwa hiyo wanariadha wa Uingereza, Uholanzi, Marekani na nchi nyingine nyingi huja kukaa Iten, ambako ni juu zaidi, kiasi cha futi 7,900. Mo Farah, Mwingereza aliyezaliwa Somalia, ambaye alishinda mbio za mita 5,000 na mita 10,000 katika Olimpiki ya London mwaka 2012, alikuwa mmoja wao. Mtu atokaye Eldoret kwenda huko sharti apite Kimumu, na asubuhi mapema huwaona vijana wa kwetu wakikimbia kwa makundi kando ya barabara, na nyuma yao Wazungu wawili watatu wenye nyuso nyekundu, wakijitahidi wasiachwe.

Wengi wa hao hukaa mwezi mmoja au mitatu, kisha huenda zao. Lakini wako waliokuja kwa muda wakasahau kurudi. Anayejulikana zaidi ni Bradha Colm O'Connell, mtawa wa Kikatoliki kutoka Ireland. Alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya Mtakatifu Patrick, Iten, wala hakuwa mtaalamu wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake, na katika mikono yake wakapita Peter Rono, aliyepata dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012, mwendo ambao haukuwa umepatikana na mtu yeyote kabla yake. Mwalimu huyo alikaa Iten zaidi ya miaka 40. Mtu hakai muda wote huo kwa ajili ya hali ya hewa peke yake.

Hapo ndipo panapotupasa kuwakumbuka wageni wa zamani, kwa maana nao waliipenda nchi hii mno.

Mwaka 1903 Serikali ya Uingereza ilitoa wazo la kuwapa Wayahudi wa Ulaya nyanda hizi wahamie. Wajumbe wao watatu wakaja kuikagua nchi, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu uliofanyika Basel, Uswisi, ukakataa. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Koitalel arap Samoei aliuawa, na Wanandi, waliokuwa wakilisha mifugo yao katika nyanda hizo, wakasukumwa nyuma. Mwaka 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, watu zaidi ya 200 wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Walishuka Mombasa, wakapanda gari la moshi mpaka Nakuru, kisha wakafunga maksai katika magari yao na kupanda katika misitu na matope mpaka karibu na jiwe kubwa la Sergoit. Serikali iligawa nchi kwa nambari. Posta ikafunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64, na kwa sababu hiyo wenyeji waliuita mji huo Sisibo, wakiifuata nambari hiyo ya Kiingereza kwa matamshi yao, kabla haujapewa jina la Eldoret mwaka 1912.

Makaburu hao na Waingereza waliowafuata walisifu mambo yaleyale yanayosifiwa na wageni wa leo: ubaridi wa asubuhi, upana wa mbingu, udongo ukubalio ngano. Lakini wao hawakutosheka kuifurahia nchi; walitaka iwe yao. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilikuwa ikiwapa wakaaji Wazungu hati za miaka 99. Wakaona ni michache, na sheria ya mwaka 1915 ikaifanya kuwa 999. Msomaji na ahesabu mwenyewe: hati iliyotolewa mwaka 1915 ilikuwa iishe mwaka 2914. Kwa desturi kwanza, kisha kwa amri ya mwaka 1939, Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na shamba katika nyanda hizo. Alikaa humo kama skwota, akilipia makao yake kwa kazi ya mikono. Wapo wazee wanaosimulia bado habari za ng'ombe waliohesabiwa na kupunguzwa kwa amri ya bwana shamba.

Wale waliojiandikia miaka 999 walikaa kiasi cha miaka 50. Ilipobainika kwamba Uhuru u karibu, wengi wa Makaburu wa Uasin Gishu waliuza mali zao na kurudi kusini. Waliacha miti, majengo ya mawe na kituo cha Chepkoilel, kilichoanzishwa mwaka 1946 kuwafundisha walowezi ukulima wa mashamba makubwa. Mahali hapo pakawa chuo cha walimu mwaka 1984, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Vijana wanaosoma huko ndio wapangaji wa nyumba nyingi za Kimumu.

Mgeni wa siku hizi huishi kwa masharti mengine kabisa. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele. Aweza kuikodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99, na hati ndefu zaidi zilizokuwa mikononi mwa wageni zilipunguzwa kufikia kiasi hicho. Akitaka kuwa raia, sharti kwanza akae nchini kwa halali miaka saba mfululizo, kisha apeleke maombi. Walio wengi hawajisumbui na hati wala maombi. Hupanga nyumba na kulipa kodi mwisho wa mwezi kama karani yeyote. La ajabu ni kwamba hao wasio na kitu katika ardhi huonekana kuifurahia nchi kuliko wale waliojiandikia karne kumi. Hawana ua wa kulinda wala vibarua wa kuwaogopa. Wana majirani.

Na jirani, kwa maneno ya wageni wenyewe, ni furaha iliyo sawa na ile ya hewa. Mtu aliyeishi miaka kumi katika jengo moja huko Ulaya bila ya kulijua jina la aliye mlango wa pili hushangaa kuletewa maziwa siku ya pili ya kufika, na kuulizwa habari za mama yake. Akijifunza kusema "chamgei" na kuitikia "chamgei mising", wazee hucheka kwa furaha na kumkaribisha ndani. Hupewa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Wengine huyapenda mara moja. Wengine huomba chai. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ambao tangu miaka ya 1990 wamefanya kazi na Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake kuu, wanaijua desturi hiyo, na Daktari Joe Mamlin na mkewe Sarah Ellen walikaa Eldoret miaka mingi. Kazi ya kutibu ukimwi waliyoianzisha pamoja na madaktari wa Kenya mwaka 2001 imeenea Kenya ya Magharibi. Hao nao hawakuvutwa na jua.

Tena si kila mgeni ni Mzungu. Jamaa nyingi za Sudan Kusini zimewaleta watoto wao kusoma Eldoret, na mama wa Kisudani akiulizwa apendalo hatataja mwanga wala ubaridi. Atasema kwamba usiku watoto hulala, na asubuhi huenda shule.

Wenyeji wasijisifu upesi kwa neno hilo. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi, Wakenya waliokuwa wamelima na kuzaa katika nchi hii kwa miaka mingi waliitwa wageni na kufukuzwa, na tarehe 1 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na wanawake na watoto ndani. Mtu aliyetoka ng'ambo alikaribishwa chai katika wilaya ambayo jirani wa shamba la pili alikimbia na godoro kichwani. Jambo hilo wageni wenye macho hulijua, ingawa kwa adabu hawalitaji mezani.

Liko na jambo jingine lisilosemwa sana. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na Kimumu, ambayo wazee waliijua kuwa mashamba ya mahindi na malisho, imekatwa na inazidi kukatwa vipande vya futi 50 kwa 100. Mwenye ekari tano huona kwamba kuuza ploti moja kunampa fedha zaidi kuliko mavuno ya miaka mingi, na nani atamlaumu mwenye karo ya kulipa? Lakini njia za udongo laini ambazo wakimbiaji huzipenda hupita katikati ya mashamba hayo, na palipojengwa ukuta hapapitiki. Mgeni anayepanga nyumba Kimumu leo bado huletewa maziwa na jirani yake asubuhi. Ng'ombe wa jirani huyo sasa amefungwa uani nyuma ya nyumba za kupangisha, na majani yake hununuliwa kwa pikipiki kutoka Moiben.