Anketi si hukumu: bei ya hisa za Glencore na maneno tunayoitafsiria

Mwezi wa Julai 2018 nilikuwa bado sekondari, na baba mdogo wangu alikuwa dereva wa kampuni ndogo iliyopeleka vifaa kutoka Lubumbashi mpaka migodi ya Kolwezi. Jioni moja aliingia nyumbani kwetu Bel-Air, komini ya Kampemba, akakaa bila kusalimia, akasema: «Banafungula anketi juu ya Glencore. Kule Ulaya bei inaanguka.» Mama akamuuliza: «Basi banaisha kuifunga?» Hakuna aliyejua kujibu. Baba mdogo alikuwa ameweka feza za kununua mabati ya nyumba yake. Akazirudisha kwa mama azifiche, akisubiri kufukuzwa kazi. Hakufukuzwa, na mgodi haukufungwa. Mabati aliyanunua mwaka uliofuata, kwa bei ya juu.

Tangu niingie masomo ya lugha za Kiafrika nimerudi mara nyingi kwenye mazungumzo yale. Nilidhani kwanza kwamba tatizo letu lilikuwa kutojua mambo ya soko la hisa. Kweli, Kongo haina soko la hisa, na hata neno hisa, ambalo Kiswahili kililipata kwa Waarabu likiwa na maana ya fungu, ni neno la Nairobi na Dar es Salaam zaidi kuliko letu. Sisi tunasema aksio, kutoka Kifaransa. Lakini wawekezaji wa London nao siku ile walikuwa wakifanya kazi inayofanana na ya mama: kulisoma neno moja na kukisia mwisho wake.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Tarehe 3 Julai 2018 Glencore, yenye makao yake Baar nchini Uswisi na hisa zinazouzwa London tangu 2011, ilitangaza kwamba kampuni yake tanzu imepokea amri ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Ilitakiwa kutoa hati na kumbukumbu zinazohusu sheria za Marekani dhidi ya kuwahonga maofisa wa nchi za nje na dhidi ya utakatishaji wa feza. Hati hizo zilihusu biashara yake Nijeria, Kongo na Venezuela, kuanzia 2007. Kampuni iliongeza tu kwamba inaisoma amri hiyo na itatoa habari nyingine kadiri itakavyofaa. Siku hiyohiyo bei ya hisa ilishuka kwa zaidi ya asilimia 10 kabla ya kupanda tena kidogo.

Amri ya namna hiyo huitwa kwa jina la Kilatini, «subpoena», yaani «chini ya adhabu». Anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani adhabu imeshatolewa. Kumbe adhabu inayotajwa ni ile itakayompata anayekataa kuleta karatasi. Ni agizo, na agizo halisemi kama kampuni ina kosa au haina. Wenzangu wanaomsoma Austin watasema mara moja kwamba kuagiza, kushitaki, kukiri na kuhukumu ni matendo manne tofauti ya usemi, kila moja na mwenye haki ya kulitenda. Tarehe 3 Julai lilikuwa limetendeka la kwanza tu.

Kwa nini basi bei ikaanguka? Mtu wa Lubumbashi hahitaji kwenda London kulielewa hilo. Awatazame kambisti wetu, wanaokaa kando ya barabara na mafungu ya franka mezani. Uvumi ukipita asubuhi kwamba dola zitakosekana, bei ya dola imepanda kabla ya saa sita. Kambisti hadai kwamba anajua. Anaogopa tu kuwa wa mwisho kubaki na franka ikiwa ni kweli. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, hisa ina thamani ya 100, na wanunuzi wanadhani kuna nafasi moja katika tano kwamba kesi itaila 40. Moja katika tano ya 40 ni 8, kwa hiyo hisa inauzwa 92, na hakuna mtu aliyehukumiwa. Bei hiyo inapima mambo yaliyoachwa wazi na neno: faini inaweza kuwa sifuri, inaweza kuwa mabilioni, wakubwa wanaweza kuondoka, migodi inaweza kuguswa.

Siku mbili baadaye, tarehe 5 Julai, kampuni ilitangaza kwamba itanunua hisa zake yenyewe kwa kiasi kisichozidi dola bilioni 1, na bei ikapanda. Juu ya amri ya Marekani haikuwa imeeleza jambo jipya. Ilisema jambo lingine kabisa, na wasikilizaji wakalichukua kama jibu: anayenunua mali yake mwenyewe haogopi. Hayo ndiyo Grice alitufundisha kuyaona, maana ambayo haimo katika sentensi ila msikilizaji anaijenga kutokana na wakati na mahali iliposemwa. Lakini tusilipe neno mzigo wote. Majira yale bei ya shaba nayo ilikuwa ikishuka kwa sababu ya ugomvi wa biashara kati ya Marekani na China, na hisa za kampuni ya migodi hufuata shaba kama mkia.

Desemba 2019 mambo yalijirudia. Ofisi ya Uingereza inayopambana na udanganyifu mkubwa ilithibitisha kwamba inaichunguza Glencore kwa shuku ya rushwa. Hisa zikashuka karibu asilimia 9.

Sasa lije neno zito kuliko yote. Tarehe 24 Mei 2022 ilitangazwa kwamba kampuni inakiri makosa. Kwa upande wa Marekani pekee ingelipa zaidi ya dola bilioni 1.1, kwa rushwa na kwa kuchezea bei za mafuta. Juu ya Kongo ilikubali kwamba kiasi cha dola milioni 27.5 kiliahidiwa na kulipwa kwa watu wa kati, kwa nia kwamba sehemu yake iwafikie maofisa wa nchi hii kama rushwa. Kiarifu si «inachunguzwa» tena, ni «imekubali». Mtu angetegemea hisa zianguke mara mbili ya 2018. Hazikuanguka hivyo. Mwezi wa Februari kampuni ilikuwa imeshatangaza kwamba imetenga dola bilioni 1.5 kwa ajili ya kesi hizi. Mwekezaji alipolisikia neno «kosa» alikuwa anaijua bei yake, na mwaka ule makaa ya mawe na metali zilikuwa zikileta faida kubwa kuliko faini. Kwa soko, kukiri kulifunga swali lililokuwa wazi kwa miaka minne.

Mimi naona jambo hili linachukiza kidogo, nalisema wazi. Karatasi zilizoombwa ziliwatisha wawekezaji kuliko rushwa iliyokubaliwa. Lakini ni kosa kuilaumu bei kana kwamba ni hakimu. Anayeitaka haki asiitafute katika jedwali la bei za London.

Kunyamaza pia kuna bei yake. Katanga Mining, kampuni iliyomiliki asilimia 75 ya Kamoto Copper Company huko Kolwezi (25 ni za Gécamines), hisa zake ziliuzwa Toronto. Desemba 2018 ilipatana na Tume ya Dhamana ya Ontario, na kampuni pamoja na baadhi ya wakubwa wake wa zamani walitakiwa kulipa zaidi ya dola milioni 30 za Kanada. Sehemu ya kosa ilikuwa hesabu za uzalishaji wa shaba zilizopotosha. Sehemu nyingine ilikuwa kutowaeleza wawekezaji hatari ya rushwa nchini Kongo na jinsi kampuni ilivyowategemea watu na makampuni yaliyohusiana na Dan Gertler, ambaye Marekani ilimwekea vikwazo Desemba 2017. Na huko London wenye hisa wa Glencore yenyewe wameipeleka mahakamani, wakidai kwamba hati walizopewa mwaka 2011 na 2013 hazikuwaambia waliyopaswa kujua. Hiyo nayo ni kesi juu ya maandishi: nini kilisemwa, nini kiliachwa, na msomaji alikuwa na haki ya kuelewa nini.

Nirudi Bel-Air. Katika Kiswahili chetu cha mjini, «anketi» ni gunia moja lenye mambo mengi. Mkuu wa shule akitafuta nani alivunja dirisha, ni anketi. Polisi wakimfuata mwizi, ni anketi. Parke ikimwita mtu, ni anketi, na kwa kawaida anayeitwa harudi nyumbani siku hiyo. Neno lina harufu ya kufungwa. Kitenzi nacho hakisaidii: «banafungula» inaweza kusikika kama jambo linaloanza au jambo lililokwisha fanyika sasa hivi, mpaka mtu aseme «beko banafungula». Tena masikio yalikuwa yametayarishwa. Aprili ya mwaka uleule Gécamines ilikuwa imeomba mahakama ya Kolwezi ivunje Kamoto Copper Company kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na mapatano yalifikiwa mwezi wa Juni tu, deni la dola bilioni 5.6 likigeuzwa kuwa mtaji. Mama hakuuliza swali la kijinga alipouliza kama wameisha kuifunga. Aliliunganisha neno alilopewa na mambo aliyoyasikia wiki chache kabla.

Mwaka 2022, kampuni ilipokiri, hakuna aliyeingia kwetu bila kusalimia. Habari ilipita redioni kwa Kifaransa, kati ya habari nyingine, na baba mdogo akasema tu: «Ile ni anketi ya zamani.» Neno lilelile. Kwake agizo la 2018 na kukiri kwa 2022 vilikuwa kitu kimoja kilichokawia.

Ndiyo maana katika zoezi la tafsiri la muhula huu nimejaribu kuzitenga hatua. Kwa hatua ya 2018 nimeandika «ameamriwa kuleta hati». Ni ndefu, lakini haimfungi mtu. Kwa ile ya 2019, «anachunguzwa». Kwa 2022, «amekubali kosa». «Ameshitakiwa» nimeliweka mahali pake peke yake. Mwalimu amenihoji kama watu wa Kampemba watasema hivyo kweli, na nimekubali kwamba wataendelea kusema anketi. Ila redio za mtaa zinaweza kuongeza maneno mawili nyuma yake: «anketi ya karatasi», «anketi ya parke». Nimewajaribia majirani, na wa kwanza alielewa bila maelezo.

Kuna neno moja limenishinda. Desemba 2022 Glencore ilikubali kuilipa Kongo dola milioni 180, kwa madai ya rushwa ya miaka ya 2007 mpaka 2018. Niiite feza hiyo faini? Faini hutozwa na mahakama. Fidia? Fidia humwendea aliyeumia, na baba mdogo aliniuliza palepale: «Banalipa nani?» Nikamjibu: serikali. Katika daftari nimeandika «malipo ya mapatano», halafu nikaweka alama ya kuuliza kando yake, kwa sababu kwetu mapatano ni ya watu wawili waliokuwa wamekosana, nami sijaona katika habari hii ni nani hasa alikuwa amekosana na nani.